Pono wa kijani wanazidi kuwa wadogo: ni nyavu, ni joto, au samaki wenyewe wanabadilika?

#1 Msoma Magamba
Wakuu, salaam. Mzaliwa wa Mikindani hapa, kazi yangu ni ikolojia ya bahari, upande wa samaki wa miambani. Kila nikirudi nyumbani nabeba rula na daftari, nashinda mnadani napima samaki mpaka wachuuzi wamenibatiza Fundi Cherehani.

Juzi kuna pono nimempima nikarudia mara tatu. Wa kijani, mdomo wa buluu, amekamilika kama dume mzima. Urefu sentimita 19. Nikampasua, kweli dume. Marehemu babu yangu alikuwa akileta pono wa kijani ambao mkia unaning'inia nje ya kikapu. Huyu wangu analala kwenye kisahani cha chai na nafasi inabaki.

Swali: wakubwa wamekwisha tu kwa kuvuliwa, au pono wetu wameanza kuwa watu wazima wakiwa wadogo? Ni mambo mawili tofauti na dawa yake si moja. Nataka kusikia hasa wavuvi na wanaokaanga. Majibu ya semina ninayo mengi, hayo msinipe.

#2 Korosho Ghafi
Fundi Cherehani, huyo pono baada ya kupimwa mara tatu alilikwa na nani? Utafiti uanzie hapo.

#3 Nahodha Mstaafu
Kijana, unachanganya samaki wawili. Pono wa kijani ni mwingine na yule wa kahawia ni mwingine, hata nyama zao hazifanani. Na wakubwa wapo. Wako nje, mwamba unapokatika na maji yanageuka meusi. Siku hizi watu wakiona kusi limechafuka wanavulia humu humu ndani ya ghuba, halafu wanatangaza samaki wamekwisha.

Wa maji mafupi kweli wamepungua, lakini hilo halina siri. Kila mtoto wa pwani anajua usingizi wa pono ukoje. Vijana wanaingia usiku na tochi na bunduki za mshale, wanawaokota kama maembe chini ya mti. Anayeokotwa kwanza ni mkubwa. Hakuna kubadilika hapo, ni wizi wa mchana unaofanywa usiku.

#4 Mama Kikaango
Mimi nakaanga mwaka wa 14 huu. Nilipoanza, pono mmoja namkata vipande vinne na kichwa nabaki nacho. Sasa hivi naweka mzima kikaangoni, mteja anaomba wawili na bado anaangalia sufuria ya jirani.

Kingine ambacho kaka hajakitaja: mayai. Nikipasua hawa wa kahawia wa saizi ya kiganja nakuta mayai yamejaa, yale ya manjano. Sikumbuki kuyaona kwa wadogo namna hii zamani. Ila niseme ukweli, zamani wadogo nilikuwa siwanunui, kwa hiyo sikuwa nawapasua.

#5 Msoma Magamba
Mama Kikaango, sentensi yako ya mwisho ina uzito kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Ndiyo shida yetu: tunalinganisha leo tunapopima kila kitu na zamani ambapo wadogo hawakupimwa.

Nahodha, shikamoo. Kwa heshima zote, ni samaki mmoja. Kwa aina nyingi za pono, samaki anaanza maisha akiwa jike, rangi ya kahawia au nyekundu iliyopauka. Wanakaa kundi, na kundi lina dume mkubwa wa kijani. Dume akiondoka, jike mkubwa kuliko wenzake anageuka: mayai yanakauka, mbegu za kiume zinaanza, rangi inabadilika, na baada ya wiki chache ndiye bwana wa mwamba. Aina nyingine zina na madume waliozaliwa madume, wanaovaa kahawia wakijifanya majike. Ndiyo maana rangi peke yake haitoshi, nikapasua.

#6 Mjumbe wa Kheri
Yaani bibi anaamka asubuhi ni babu? Subhanallah. Mada nyingine tuziache tu.

#7 Korosho Ghafi
#6, na watoto wanaendelea kumwita mama au wanabadilisha?

#8 Nahodha Mstaafu
Marahaba. Miaka 40 baharini, leo naambiwa sijui pono. Haya.

Lakini nitakupa nusu. Mwaka mmoja tuko nje ya Msangamkuu na mshipi na dema, dema moja likapanda na pono ambaye ubavu wake una kahawia na kijani vimeingiliana, kama kanga iliyochuja. Baharia wangu akasema huyo ana ugonjwa, tusimle. Wenzake walikataa, nilimla mimi. Kama alikuwa anageuka, basi nilimkatiza safari.

#9 Mwalimu Kipindi cha Nane
Mleta mada, jibu lako umejipa mwenyewe kwenye #5, sijui unatafuta nini tena. Kiranja mkuu akihama shule, hawasubiri apatikane mwanafunzi mrefu kama yeye. Anateuliwa aliyepo. Akihama na huyo, anateuliwa wa chini yake, mwisho kiranja anakuwa mtoto wa darasa la nne na fimbo yake. Ukivua madume wakubwa kila usiku, jike wa sentimita 18 ndiye mkubwa aliyebaki, atageuka. Pono wako wa 19 ni kiranja wa darasa la nne.

Hayo hayaitwi mageuko. Mageuko ni mabadiliko ya urithi kutoka kizazi hadi kizazi. Hapa samaki ni yule yule, ana uwezo wa kugeuka mapema au kuchelewa kulingana na waliomzunguka. Rudisha wakubwa, na saizi ya kugeuka itarudi.

#10 Binti Sudi
Mwalimu umeeleza vizuri madume, lakini hukugusa mayai ya #4. Kiranja hamhusu jike anayebeba mayai akiwa na saizi ya kiganja.

Mimi naona joto. Samaki ni wa damu baridi. Maji yakipanda joto anakua haraka utotoni, anakomaa mapema na kuishia na mwili mdogo. Hilo limeonekana kwa samaki wa aina nyingi. Na bahari yetu imepashwa kweli: 1998 matumbawe yalipauka Bahari ya Hindi yote hii, 2016 tena, 2024 tena. Sasa kama maji yamebadilika, kwa nini lawama zote ziende kwa mwenye wavu?

#11 Mmsimbati Halisi
Habari wanajukwaa. Natokea kwenye kikundi cha kulinda fukwe huku Msimbati. Mmezungumza tochi, mmezungumza joto, baruti je?

Baruti haichagui mkubwa na mdogo, inaua samaki na nyumba yake. Mwamba uliopigwa unabaki kifusi kinachobiringika na maji, tumbawe changa halishiki. Pono atakula wapi? Nimezamia sehemu ambazo utotoni tuliziita majina kwa umbo la miamba yake, leo ni kokoto tupu. Milio imepungua sana tangu operesheni za miaka ya 2015 kuendelea, hilo niseme, lakini kifusi hakikuondoka na milio.

Na kuna moja la kumjibu nahodha. Hifadhi yetu ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650, nyingi zikiwa maji. Kwenye vipande ambavyo watu wanaheshimu kutovua, nimeona kwa macho yangu pono wa kijani wa urefu wa mkono. Kwa hiyo hawajasahau kukua.

#12 Korosho Ghafi
Mmsimbati, nasikia mchanga mweupe wa kwenu wote ni choo cha pono. Watalii wanajua wanaanika migongo kwenye nini?

#13 Mmsimbati Halisi
#12 uje na wewe uanike.

#14 Msoma Magamba
Korosho anatania, lakini hayuko mbali sana. Pono ana mdomo wa kasuku, meno yameungana. Anakwangua mwamba kupata mwani na vijidudu vya ndani, na kooni ana meno mengine kama jiwe la kusagia. Ukizamia ukatulia unamsikia: kra, kra, kra. Kinachotoka nyuma ni mchanga laini. Pono mkubwa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka, na Maldivi wamekuta sehemu kubwa ya mchanga mpya wa visiwa vyao ni kazi yake. Msimbati siwezi kusema hivyo, pale Ruvuma nao unamwaga mchanga wake. Ila ndiyo maana saizi inanikosesha usingizi: pono kumi wadogo hawafanyi kazi ya mkubwa mmoja. Wadogo wanalamba, mkubwa anachimba. Na mwani usipokwanguliwa unalimeza tumbawe.

Sasa Mwalimu. Natafuta nini? Natafuta kujua kama ni kiranja tu, au na damu, yaani urithi, nayo imeguswa. Marekani kuna kisamaki cha pwani ya Atlantiki kiitwacho Menidia. Watafiti wawili, Conover na Munch, walikifuga kwenye matangi na kila kizazi wakaondoa asilimia 90: matangi mengine waliondoa wakubwa, mengine wadogo, mengine bila kuchagua. Matokeo waliyatoa 2002. Baada ya vizazi 4 tu, watoto wa matangi yaliyoondolewa wakubwa walikuwa na uzito wa kama nusu ya wale wa matangi yaliyoondolewa wadogo. Chakula kile kile, maji yale yale. Walipoacha kuondoa wakubwa, saizi ilianza kurudi, lakini baada ya vizazi 5 ilikuwa bado haijafika ilikotoka.

Ndiyo hofu yangu. Kama ni kiranja, funga mwamba, wakubwa watarudi upesi. Kama ni damu, tutafunga mwamba, tutasubiri, wanakijiji watasema mtafiti alitudanganya, na watakuwa na haki.

#15 Kijana wa Temeke
Kumbe hata chewa wa Kanada, ile kodi (cod) wanayoiita... walikuwa wanakomaa wadogo kabla hawajafunga uvuvi 1992. Nilisoma mahali. Samaki akiona hafiki uzeeni anawahi kuoa.

#16 Mwalimu Kipindi cha Nane
#15, kodi si chewa, familia tofauti kabisa. Mengine uko sawa, kasoro moja: samaki haoni wala haamui. Wanaochelewa kukomaa wanavuliwa kabla hawajazaa, wanaowahi wanaacha watoto. Basi.

#14, tangi si bahari. Kwenye tangi umefunga mlango.

#17 Mpemba Ugenini
Mwalimu kagusa penyewe. Mayai ya pono hayakai mwambani, yanaelea. Kisamaki kinatotolewa huko mkondoni, kinachukuliwa masafa, ndipo kinatua. Mkondo ule mkubwa wa Ikweta ya Kusini unavuka bahari nzima kutoka mashariki, unakuja kuipiga pwani hapo hapo kwenu, karibu na Rasi ya Delgado na Mtwara, kisha unagawika: mwingine unapanda kaskazini kwetu, mwingine unashuka Msumbiji. Kwa hiyo pono wa Mikindani wazazi wake huenda hawakuwahi kuiona Mikindani. Utawabadilishaje damu kwa kuvua mwamba mmoja, na kila msimu wanakuja wageni?

Na mkitaka kujua, pono wetu Pemba huenda ni watoto wenu. Mnavua urithi wetu.

#18 Korosho Ghafi
Mpemba kashaanza kudai fidia. Stakabadhi ghalani hiyo, subiri mnada.

#19 Binti Sudi
#17 hoja nzuri, ila ingesimama kama wanakotoka wageni hawavuliwi. Huko nako wanavua wakubwa kwanza. Ukichuja chai kwa chujio lile lile nyumba zote za mtaa, haijalishi umekunywa kwa nani.

#20 Mzee wa Kivinje
Nimesoma yote. Mimi natoka Kilwa, na huku kwetu wazee wanasema bahari imekasirika. Zamani kabla ya msimu kulikuwa na sadaka, kulikuwa na miamba ambayo huvui mpaka ruhusa itoke, na siku za kutoka na za kukaa. Tukayaita ushirikina tukaacha. Leo wataalamu wanakuja na semina ya kutuambia tufunge mwamba miezi mitatu, pweza wakue. Wamefunga Songosongo, na mwamba ukifunguliwa pweza ni wa kubebea begani. Sasa nani alikuwa mjinga?

#21 Msoma Magamba
Mzee, shikamoo. Sina la kubisha kwa miamba iliyokuwa na ruhusa. Tahadhari moja: pweza haishi hata miaka miwili, kwa hiyo miezi mitatu kwake ni sehemu kubwa ya maisha. Pono anahitaji miaka. Watu wakiona ya pweza wanatarajia na pono, ndipo ugomvi unapozaliwa.

#22 Kijana wa Temeke
Mzee wa Kivinje, si kwenu ndiko alikovuliwa yule samaki wa enzi za dinosaria? Huyo mbona habadiliki? Miaka milioni sijui mingapi yuko vile vile.

#23 Mzee wa Kivinje
Silikanti. Songo Mnara, 2003, ndiye wa kwanza kujulikana Tanzania. Aliingia kwenye jarife la kina kirefu. Baada yake wakaanza kunaswa Tanga mmoja baada ya mwingine, wenzetu wakapata na hifadhi yenye jina lake 2009. Sisi tuliomtoa wa kwanza tukabaki na magofu.

#24 Mwalimu Kipindi cha Nane
#22, ukoo wa silikanti una miaka kama milioni 400, dinosaria walikuta wako. Wanasayansi walidhani walikwisha miaka milioni 66 iliyopita mpaka 1938, mmoja alipotoka kwenye nyavu Afrika Kusini na Marjorie Courtenay-Latimer, dada wa makumbusho, akamtambua kuwa si wa kawaida. Lakini "yuko vile vile" si kweli. Umbo limefanana na mabaki ya mawe, damu imeendelea kubadilika. Hata wa Tanga wamepimwa wakaonekana kundi lao limejitenga na la Komoro muda mrefu. Na kabla hujasema ni babu yetu: jenomu yake, yaani urithi wake wote, ilisomwa 2013, kamongo ndiye aliye karibu zaidi nasi.

#25 Mjumbe wa Kheri
Kamongo awe karibu na wewe Mwalimu, mimi niache.

#26 Msoma Magamba
Silikanti ana somo kwenye mada hii, tusimwache apite. Zamani walidhani anaishi miaka 20 hivi. Mwaka 2021 wakasoma upya magamba yake kwa mwanga maalumu, wakaona mistari myembamba iliyokuwa haionekani: anaweza kufika miaka 100, anakomaa akiwa na 50 na ushee, na mimba inachukua kama miaka 5. Aliyenaswa Songo Mnara anaweza kuwa alizaliwa kabla ya wengi wetu.

Yaani saizi ilituambia jambo moja, umri ukatuambia lingine. Na ndicho ninachotaka kwa pono. Ndani ya kichwa, nyuma ya ubongo, kila upande kuna kijiwe cheupe cha sikio, kidogo kuliko punje ya mchele kwa hawa wadogo. Ukikikata na kukisugua mpaka kipenyeze mwanga unahesabu miaka kama pete za mti. Kama kijani mdogo ana umri mdogo, amegeuka mapema, Mwalimu anapata maksi. Kama ana umri wa wakubwa na mwili mdogo, hapo tunarudi kwa Binti Sudi na kwenye yale matangi.

Kwa hiyo nahitaji vichwa. Mama Kikaango?

#27 Mama Kikaango
Vichwa vya pono ndiyo supu ya asubuhi kaka. Kichwa kina bei yake, tena bodaboda wanagombea. Utalipa kama mteja au kama mtafiti?

#28 Msoma Magamba
Kama mteja. Supu unabaki nayo, mimi nachukua vijiwe tu, nachokoa kwa koleo ndogo kabla hujachemsha. Uso hauharibiki.

#29 Mama Kikaango
Basi njoo alfajiri kabla ya wateja. Mtu akikuona unachokoa kichwa cha samaki wangu atasema naweka dawa.

#30 Binti Sudi
Mkipata vijiwe na mimi naomba ujirani. Miaka yenye joto huwa na pete tofauti, twende tuangalie 2016 imeandika nini.

#31 Mwalimu Kipindi cha Nane
Pono wadogo hivyo 2016 walikuwa hawajazaliwa.

#32 Binti Sudi
Ndiyo maana tunahitaji na wakubwa, Mwalimu.

#33 Nahodha Mstaafu
Wakubwa nimesema wako nje. Hamkunisikia tangu #3. Bamvua lijalo maji yakikupwa natoka na mwanangu kwa mashua, kijana aje. Abebe koti la mvua na chakula chake. Rula aache kwa mama yake, huko tunapima kwa mkono.

#34 Korosho Ghafi
Na tumbo lake likigeuka huko nje msimhesabu kwenye utafiti.